Mawe ya Nje ya Ua

I

Mvua za kwanza zilipokwisha kuuchafua mto Ruhuhu, mbasa walianza kupanda kutoka Ziwa Nyasa, na mbele yao alitangulia mmoja ambaye hakuwa samaki.

Mamlaka ya Mto ilimpa namba. Kresensia Ndunguru, mkuu wa ngazi ya samaki, vidato vya maji walivyojengewa ili waupande Ukuta uliouziba mto, alimwita Mtangulizi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuitengeneza njia. Urefu wake ulikuwa wa mkono wa mtu mzima. Ngozi yake ilikuwa mpira wa rangi ya fedha, na mkia wake ulipunga kama mkia wa mbasa hasa, bila pangaboi wala kelele. Ngozini mwake ilivuja kidogo kidogo harufu ya mto wa zamani, mto wa kabla ya Ukuta; harufu ambayo mbasa huzaliwa nayo kichwani kama mtoto azaliwavyo na hamu ya ziwa la mama. Wakimnusa, humfuata. Naye huwasikiliza walio nyuma yake: wakichoka katika vidato vya juu vya ngazi, hupunguza mwendo, akipotea mmoja, hurudi kumtafuta.

Waliomuunda hawakumwambia pa kuwapeleka. Walimpa amri moja tu, kwamba awafikishe mahali ambapo mayai yatapona. Hawakuwa na la zaidi la kumwambia, maana wao wenyewe hawakupajua mahali hapo. Juu ya Ukuta mto ulikuwa umegeuka bwawa, na tope lilikuwa limezifunika kokoto zote ambazo mbasa walizitagia tangu enzi za mababu. Mamlaka ilijenga vitanda vya kokoto kwa saruji na fahari nyingi. Mtangulizi aliwapeleka samaki huko msimu mmoja, akayanusa mayai baadaye, akakuta yameoza, wala hakurudi tena. Tangu hapo alikuwa akitafuta mwenyewe, kila masika, akizunguka bwawa lote na kundi lake ambalo kila mwaka lilizidi kuwa dogo, kama mchungaji aliyepewa kondoo akanyimwa malisho.

Asubuhi hiyo Kresensia aliingia katika chumba cha mitambo, akatundika koti lake lililolowa, akawasha spika. Alitazamia kusikia maji. Alisikia jiwe likigusa jiwe.

Alijua maana yake. Mbasa jike akitaga hujitikisa juu ya kokoto, na kokoto hugongana. Hiyo ndiyo sauti aliyoingoja miaka yote aliyolinda ngazi ile, na moyo wake ulipaswa kufurahi. Haukufurahi. Sauti ile aliifahamu toka mahali pengine, kabla hajajua lolote juu ya mitambo.

Akawasha kioo. Jicho la Mtangulizi lilionyesha maji ya rangi ya chai, na ndani yake vichuguu vidogo vya mawe ya mviringo, vimepangwa kwa safu kandokando ya ukingo uliozama. Kila kichuguu kilikuwa na urefu wa mkono. Kila jiwe lilikuwa la kuenea kiganjani. Juu yake mbasa walimetameta, wakitetemeka, wakimwaga uhai wao katika nafasi zilizo kati ya jiwe na jiwe.

Kresensia hakuhitaji ramani. Hapo ndipo palipokuwa Nambehe, kijiji chake, kabla maji hayajakichukua. Na hapo ndipo palipozikwa watoto wa nje ya ua.

II

Nambehe ya zamani ilikuwa na makaburi mazuri, yenye ua wa minyaa na msalaba wa mninga. Aliyebatizwa alilala ndani. Mtoto aliyezaliwa kimya, au aliyekufa kabla ya maji ya ubatizo kumgusa, alilazwa nje, chini ya mteremko, karibu na mto. Hakupewa msalaba wala jina. Hiyo ilikuwa desturi ya misheni ya kale, na wazee wa kijiji waliishikilia muda mrefu baada ya mapadri wenyewe kuiacha.

Lakini mama ni mama. Kila mwaka mbasa wa kwanza walipoonekana, mama wa watoto wale walishuka mtoni pekupeku, kila mmoja akaokota jiwe la mviringo linaloenea kiganjani, akaliweka juu ya mwanawe. Hawakulia wala kusali kwa sauti. Aliyekwisha kuweka lake alisogea pembeni, akanyamaza, ili mwenzake apate nafasi. Ndivyo vichuguu vilivyokua.

Serikali ilipotangaza kwamba Nambehe itazama, makaburi yalihamishwa kwa misa, kwa ngoma na kwa masanduku mapya. Yalihamishwa yote yaliyokuwa ndani ya ua. Waliokuwa nje hakuna aliyewataja, kwa sababu hawakuwa na jina la kutajwa. Kati yao alikuwemo mtoto wa kwanza na wa mwisho wa Kresensia na Gaspari Hyera, mumewe. Gaspari naye alikwisha kufa; alilala Nambehe Mpya, kijiji walikohamishiwa, ndani ya ua, na ubavuni pake pameachwa nafasi.

Kresensia alikuwa bado ameshika tama mbele ya kioo wakati mlango ulipobishwa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, shemeji. Hiyo miguu yenye tope iache mlangoni."

"Niiache miguu mlangoni, niingie kwa magoti kama nakuja kukuposa?"

"Ungekuja kuposa ungeleta mbuzi. Naona mikono mitupu."

"Mbuzi nimemla njiani. Alikuwa mkavu kama wewe."

Huyo alikuwa Otmari Hyera, mdogo wa marehemu Gaspari na mwenyekiti wa kijiji cha Nambehe Mpya, mtu mwenye mdomo mwepesi na dhamiri nzito. Aliketi, akapangusa uso, na mzaha ukamtoka kama kofia.

"Shemeji, askofu amekubali. Watoto wa nje ya ua wataletwa ndani, wapewe majina, wasomewe misa. Pantoni yenye kijiko cha kuchimbia imekwisha kuondoka Manda. Maji yamepungua, ukingo unafikika. Mwanao atalala ubavuni mwa baba yake."

Kresensia alifumba macho. Yeye ndiye aliyeliomba neno hilo. Yeye na Bibi Meinulfa, ambaye naye alizika nje ya ua, walilipeleka kwa maaskofu watatu, mmoja baada ya mwingine, mpaka nywele zao zikawa nyeupe.

"Tazama," alisema, akamgeuzia kioo.

Otmari alitazama. "Samaki."

"Tazama wako wapi."

Alisogea karibu na kioo, akayatambua mawe. "Unataka kuniambia kwamba samaki wanatagia juu ya mtoto wa kaka yangu?"

"Nakuambia kwamba katika bwawa lote hakuna pengine palipo safi. Masika tunapofungua milango ya Ukuta, bwawa hushuka, na mto hupita tena pale kwa nguvu na kuyaosha mawe. Kokoto za asili zimezama topeni. Mawe yetu yamesimama juu ya tope kwa sababu tuliyarundika. Mtangulizi amepaona. Kijiko kikipita pale, mbasa wa Ruhuhu wamekwisha."

"Tungoje watoto wao waanguliwe."

"Wakianguliwa, milango imefungwa na bwawa limejaa. Pantoni yako itaelea juu ya kina kisichofikika."

"Mwakani, basi."

"Mwakani maji yakishuka, watarudi mbasa, siku zilezile, mahali palepale. Kila ukingo unapofikika, wao wamefika kabla yako. Ni wao au sisi, shemeji."

Otmari alisimama. "Wale waliobatizwa tuliwahamisha kwa ngoma. Hawa tukawaacha wamezwe na maji kama paka. Dhambi hiyo ni ya kijiji kizima, nami nimo. Leo tumepewa nafasi ya kuitubu, nawe unaniletea habari za mboga!"

Neno hilo Kresensia alikuwa akijiambia mwenyewe.

"Sheria unaijua," Otmari aliendelea kwa upole. "Kaburi haliguswi mama akiwa hai mpaka akubali. Mmebaki wawili tu. Bibi Meinulfa ana wanne pale, naye amekubali, kwa furaha hata akataka kuinuka kitandani. Lakini vichuguu vimepandana, cha kwako katikati ya vyake. Ukikataa wewe, na wake hawatoki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, shemeji. Sitakufundisha."

III

Alipobaki peke yake, Kresensia alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza.

Puani mwa Mtangulizi mlikuwa na sindano nyembamba ya kuonjea kokoto, ili ajue kama pumzi ya maji inafika kwenye mayai. Sindano hiyo iliweza kuonja chuma, saruji, mbolea za mashambani, na chokaa ya mifupa. Kresensia alimwamuru apite safu kwa safu, pasipo kuwasumbua wanaotaga, aonje chini ya mawe.

Mtangulizi alitii. Alipita polepole kama mganga apitaye kati ya vitanda vya wagonjwa. Chini ya kichuguu cha kwanza, maji na udongo. Chini ya cha pili, maji na udongo. Alipofika kwenye kichuguu chenye jiwe jeusi la mkanda mweupe, Kresensia alishika ukingo wa meza. Jiwe lile Gaspari alilitoa mbali, kwenye maporomoko, akatembea nalo mkononi siku nzima, mwanamume pekee aliyewahi kuweka jiwe pale, na wazee walimcheka.

Maji na udongo.

Hapakuwa na mfupa hata mmoja ukingoni kote. Udongo wa pale ni mkali, na mifupa ya mtoto mchanga ni laini kama ya kifaranga. Kijiko kingeinua nini, basi? Mawe. Masanduku meupe yangejazwa mawe, padri angeyanyunyizia maji ya baraka, na watu wangeimba.

Nani angejua? Wazo hilo lilimjia bila hodi, likaketi. Angeweza kukubali na kunyamaza. Angepata kaburi la kupalilia, jina la kuita, na nafasi ile ubavuni mwa Gaspari ingejaa. Bibi Meinulfa angekufa kwa amani. Gharama yake ingekuwa samaki tu, na samaki hawana wa kuwasemea.

Spika ilikuwa bado inasema. Jiwe likagusa jiwe, kimya, jiwe likagusa jiwe. Kresensia akagundua kwamba alikuwa akilia, naye tangu ujana wake hakuwahi kumlilia mtoto yule, kwa kuwa desturi ilikataza.

Akaiweka simu sikioni, akamwambia Otmari, "Niletee Bibi Meinulfa. Ndiyo, najua hali yake. Mlete."

IV

Walimleta alasiri, juu ya kiti kilichofungwa miti miwili, Otmari akishika mbele na dereva wa Mamlaka akishika nyuma. Alikuwa mkunga wa Nambehe katika siku zake, mwanamke mkubwa. Sasa alikuwa amepungua hata blanketi lilimshinda uzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeletwa huku kama gunia la mihogo, Kresensia. Sema upesi, nisije nikafia kwenye mashine zako."

Kresensia alipiga magoti ili macho yao yalingane.

"Mama, mimi nimekataa. Mwanangu hatatoka. Na kwa kukataa kwangu, wako wanne hawatatoka."

Otmari aliguna. Uso wa kikongwe haukubadilika, ila mkono wake ulianza kutafuta kitu juu ya blanketi.

"Umeniita unitukane?"

"Nimekuita nikuambie usoni. Nisingeweza kukuambia kwa mdomo wa mtu mwingine. Na liko jingine. Chini ya mawe hakuna kitu, mama. Nimepima. Wamekwisha kuwa udongo, na udongo umekwenda na maji. Yamebaki mawe yetu tu."

Spika ilikuwa imezimwa. Nje mvua ilipiga bati.

"Kwa nini umeniambia?" Sauti ya Meinulfa ilikuwa ndogo, kavu. "Nilikuwa na siku chache za kufurahi. Nilikuwa nimekwisha kuwachagulia majina. Ungeniacha nife na uongo wangu, ungepungukiwa nini?"

"Nilitaka kunyamaza. Nikaona nitakuja kusimama mbele ya sanduku la mawe, huku wewe ukilibusu."

"Kwa hiyo mzigo wako umenitwika mimi."

"Ndiyo, mama."

"Mshenzi wewe," alisema Bibi Meinulfa, na machozi yakafuata njia zake za zamani usoni. "Tangu ulipokuwa msichana ulikuwa hivyo. Mkweli kama upupu."

Kikongwe akajipangusa kwa ncha ya kanga. "Hao samaki. Otmari anasema wanapiga kelele."

Kresensia akawasha spika.

Jiwe likagusa jiwe. Likafuata jingine, mbali kidogo, kana kwamba aliyeliweka alikuwa amengoja zamu. Meinulfa aliinua kichwa. Alisikiliza kwa muda mrefu, kama mkunga asikilizavyo tumbo.

"Tangu maji yaje," aliuliza, "yuko aliyewahi kuweka jiwe pale?"

"Hakuna, mama. Hapakufikika."

"Sisi tumeacha kazi, wao wameishika."

"Bibi, hao ni samaki tu," Otmari alisema kwa upole.

"Nawe ni mwenyekiti tu. Nyamaza nisikie."

Akasikiliza tena. Aliposema, hakumtazama mtu.

"Watoto wangu hawakuingia ndani ya ua walipokuwa na mifupa. Hawataingia wakiwa mawe ili sisi tupate usingizi. Waache. Lakini mimi, Otmari, usinilaze ndani. Nilaze nje ya ua, upande wa mtoni. Mkiuliza sababu, semeni Meinulfa alikwenda kuwafuata wanawe, kwa kuwa wao hawakuruhusiwa kumfuata yeye."

"Bibi, askofu—"

"Askofu amezaa wangapi?"

Otmari akamgeukia Kresensia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Na kaka yangu? Alale peke yake?"

Hilo ndilo swali Kresensia alilokuwa akiliogopa tangu asubuhi. Alijibu kwa shida. "Alale peke yake."

Walipoinua kiti, Kresensia aliushika mkono wa kikongwe. "Mama, nibariki."

"Sikubariki," alisema Meinulfa. "Wala sikulaani. Umeyachagua haya mwenyewe. Ukae nayo."

V

Pantoni iligeuzwa kabla ya kufika ukingoni. Bibi Meinulfa hakuumaliza msimu wa mvua. Padri alimwandalia nafasi nzuri chini ya msalaba, lakini Otmari Hyera, ambaye hakukubaliana na neno lolote lililosemwa alasiri ile, alichukua jembe akachimba mwenyewe nje ya ua, upande wa mtoni, akawazuia vijana waliotaka kumsaidia. Watu walinong'ona. Kresensia alikuja na jiwe la mviringo, akaliweka, akasogea pembeni. Kwa kitambo kirefu hapakuwa na wa pili. Kisha Otmari akainama, akaokota kipande cha tofali kilichokuwa karibu, akakitazama, akakitupa, akaenda mwenyewe hadi mtoni kutafuta jiwe lililo jiwe. Aliporudi aliliweka bila kumtazama shemeji yake. Tangu siku hiyo hakumtania tena.

Mayai yakaanguliwa. Watoto wa mbasa walishuka ngazini, wembamba kama kope, wengi hata maji yakaonekana kutetemeka. Wakapita Ukuta, wakaenda ziwani. Waliozaa nao walikwisha kushuka. Kresensia akamtoa Mtangulizi majini, akamfuta, akamlaza katika sanduku lake hadi masika mengine. Milango ikafungwa. Bwawa likapanda taratibu, na mkondo uliopita juu ya Nambehe ukasimama.

Kilichobaki kule chini kilikuwa sikio la majini, chombo kidogo alichokitia nanga kando ya safu za mawe ili asikilize wakati wa kutaga. Siku ya kufunga kazi za msimu aliingia chumbani kuzima mitambo. Spika akaiacha iwe ya mwisho.

Jiwe likagusa jiwe.

Alidhani amesikia vibaya. Akaangalia kipimo cha mkondo: maji yalikuwa yametulia kabisa. Akaangalia kipimo cha samaki: hapakuwa na kiumbe chochote chenye uzito wa kuhamisha hata punje ya mchanga. Akaketi.

Likaja jingine, taratibu, kama linavyowekwa na mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Kisha jingine, hatua chache kutoka la kwanza. Akayahesabu bila kukusudia, naye alipojua anahesabu, akaogopa. Yalikuwa manne, sawa na wana wa Meinulfa.

Baada ya hayo kukawa kimya. Kresensia akainua mkono kuizima spika, na mkono ukakataa, kwa maana aliutambua ukimya ule. Ulikuwa ukimya wa mtu aliyekwisha kuweka lake, akasogea pembeni, akanyamaza, ili mwenzake apate nafasi.

Nje mchana ulikuwa mweupe, na mvua imekwisha. Mtumbwi wa Mamlaka ulikuwa umefungwa chini ya ngazi. Kresensia Ndunguru akavua viatu, akaviacha mlangoni, akashuka mtoni pekupeku kutafuta jiwe la kuenea kiganjani.